Abiria wa Nyuma

Fundi friji alikuwa na imani moja: hakuna mahali pazuri pa kuzungumza na mke kama kwenye pikipiki. Nyumbani mtu anakukazia macho, maneno yanakukwama kooni. Kwenye pikipiki yeye yuko nyuma, wewe uko mbele, na ukisema upuuzi upepo unaubeba. Tangu waoane, mambo yao mazito yalimalizwa kati ya geti la nyumba na kiwanda cha sare za shule alikofanya kazi mkewe: jina la kifungua mimba, kuhamia kwa mama mkwe, hata ule ugomvi wa televisheni.

Ila wiki hiyo safari zilikuwa kimya. Mkewe alikuwa amepewa nafasi ya kusimamia tawi jipya la kiwanda, mji wa mbali, mwaka mzima, na asubuhi hiyo bosi alitaka jibu. Watoto walishajitegemea, angebaki fundi peke yake. Kila mkewe alipomwuliza, "Baba watoto, unasemaje?" yeye alijikuna kichwa na kuuliza chumvi iko wapi. Basi mama akanuna. Hata kumshika kiunoni akaacha. Akawa anashika chuma cha nyuma kana kwamba amepakiwa na mtu baki.

Asubuhi hiyo fundi aliwasha pikipiki, akavaa helmeti. Akahisi uzito ukitua kwenye kiti, kisha kitu kikamgonga mgongoni. Kofi la mgongo ndilo lililokuwa alama yao, maana yake twende. Akaondoka.

Kulikuwa na kibaridi kitamu, na wauza magazeti walikuwa bado wanatandaza. Fundi alipenda saa hiyo, kabla watu hawajaanza kugombana kwa honi. Akasafisha koo.

"Mama watoto, nisikilize, usinikatize."

Hakukatizwa. Hilo peke yake lingetosha kumshtua.

Alianza na visingizio: nyumba itachakaa, na yeye hajui kupika zaidi ya mayai, na mayai yenyewe huyaunguza. Kwenye mataa, dereva wa lori alimtazama, akatazama kiti cha nyuma, akatikisa kichwa. Fundi akadhani ni salamu, akampungia mkono.

Walipovuka daraja visingizio vikamwishia.

"Ukweli ni kwamba naogopa," alisema. "Naogopa utafika huko ugundue unaweza kuishi bila mimi. Lakini nenda, mke wangu. Kazi hiyo umeihangaikia. Nitazoea."

Machozi yalimlengalenga, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Akasimama mbele ya geti la kiwanda, akasubiri mkewe ashuke. Akasubiri weee. Alipogeuka, aliona mkoba wa mkewe, umefungwa kwa mpira wa pikipiki, umemwegemea mgongoni kwa raha zake.

"Ameanguka!" Alikuwa anahangaika kugeuza pikipiki, pale bodaboda ilipofunga breki mbele yake, na mkewe akashuka, simu mkononi, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande.

"Nimefunga mkoba, nikarudi ndani kuchomoa pasi tu! Natoka, mume hayupo! Nimekukimbiza mpaka dukani napiga kelele, majirani wanakufa kwa kicheko!"

"Nilidhani umepanda..."

"Siku hizi mimi na mkoba ni kitu kimoja?" Kisha sauti ikamshuka. "Nimeshampigia bosi. Nimemwambia siendi. Mtu asiyejua kama mkewe yuko nyuma yake au hayupo, nikimwacha mwaka mzima si nitakuta ameshanisahau?"

Fundi aliumia. Maneno yote ya njiani, yale mazuri, yalikuwa yamemwagika barabarani bure.

"Mpigie tena," alisema.

"Nimwambie nini?"

Akavua helmeti. Washonaji walikuwa wanapita getini, wanawakodolea macho bila haya. Akamtazama mkewe usoni, kama siku ya posa.

"Naogopa," alisema. "Naogopa utagundua unaweza kuishi bila mimi. Ndiyo maana nilikaa kimya. Lakini nataka uende."

Mkewe alimtazama, hasira zikimtoka kidogo kidogo.

"Hilo nililigundua zamani sana, baba watoto," alisema. "Niko na wewe kwa sababu napenda."

Akabonyeza simu, akamshika mumewe mkono, wakasubiri bosi apokee.