Maharage Kifuani kwa Fundi

Fundi seremala aliambiwa asitie kitu mdomoni kabla ya kutoa makohozi ya kupimwa. Lakini mkewe, akimwona alivyokonda akabaki mifupa, alishindwa kuvumilia. "Baba watoto, mgonjwa hatoki na tumbo tupu," akasema, akamlisha maharage yaliyolala. Ndipo fundi akakohoa kikoponi.

Siku chache baadaye daktari wa maabara alimwita mke ndani, fundi akabaki kwenye benchi nje.

"Mama, mzee alikula nini asubuhi ile?"

Mama akajifunga khanga upya. "Hakula kitu."

Daktari hakumkemea. Akamvutia kiti mbele ya hadubini. "Hebu tazama. Mwanzoni nilidhani ni saratani. Lakini seli hizi zina kuta nene, na seli za mtu hazina kuta. Hizi ni za mmea."

Mama akachungulia. Akaona vipande vilivyotiwa rangi ya chungwa ya maabara, vimepangana kama matofali. "Maharage," akanong'ona. "Nilimwonea huruma."

"Yameniziba macho. Inabidi turudie."

Fundi aliposikia alicheka hadi akapaliwa. "Kumbe naumwa maharage!" Kule karakana mzaha huo ukawa wimbo, na mama naye akacheka, akajiona kama aliyetuliwa mzigo.

Asubuhi ya kurudia hakuwasha hata jiko. Fundi alisukutua kinywa, akakohoa, akafunika kikopo mwenyewe.

Majibu yalipotoka, mama aliitwa tena ndani peke yake, na safari hii daktari hakuuliza habari za chakula. "Sampuli ilikuwa safi, mama. Nilichokiona ni cha mzee mwenyewe. Ni saratani."

"Angalia tena, mwanangu. Huenda kuna ganda lilibaki kwenye meno."

Daktari alikuwa ameangalia mara nyingi. Hata hivyo akampisha kiti. Mama akainama, akazitafuta zile kuta nene, akiombea hata moja. Hakuiona. Daktari akasimama nyuma yake, mkono begani, hakumharakisha.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaelezwa habari za dawa, akatoka, akaketi ubavuni mwa mumewe.

"Si maharage," akasema.

Fundi alikwangua gundi iliyokauka kwenye kucha. "Wamesema kuna dawa?"

"Ipo ya kujaribu."

"Basi tukaijaribu."

Akainuka kwa taabu, mkewe akamshika kiwiko, wakamfuata daktari hadi chumba cha matibabu. Dawa ilimpa mwaka na ushei, na sehemu kubwa ya mwaka huo aliitumia karakana, akiwafundisha wenzake huku ameketi.