Bochum Kwapani

Usingizi wa mchana hauna adabu, humchukua mtu na viatu vyake, na ndivyo unavyomchukua Mwanamvua Shekue, mpiga upatu kutoka Pangani, akiwa amejinyoosha kwenye kochi la studio mjini Bochum, Ujerumani, tumbo limejaa supu ya dengu na moyo umejaa wasiwasi. Katika studio hii, iliyokuwa zamani karakana ya mabomba, bendi ya Eisenbrot, yaani Mkate wa Chuma, inamalizia albamu yake ya roki ya viwandani, muziki wa mapipa na minyororo na magitaa yanayonguruma kama mashine ya kusaga isiyotiwa mafuta. Nyimbo zote zimekwisha ila mmoja, wa mwisho, na ndani ya huo mmoja ndimo ulimo upatu wa Mwanamvua, lile sinia dogo la shaba ambalo shangazi yake alimfundisha kulipiga kwa kijiti kwenye ngoma za harusi. Tatizo ni kwamba upatu unakawia. Haukawii sana, unakawia kama mgeni mwenye heshima anayepiga hodi mara mbili kabla ya kuingia, lakini Ulrike, mtayarishaji wa albamu, anauona kwenye kompyuta yake, kila pigo limeangukia nyuma ya mstari. Mwanamvua, amemwambia baada ya chakula, bila ukali wowote, tunywe kahawa, tujaribu mara moja tena, ikishindikana naweka mashine, maana jioni albamu inakwenda kiwandani. Mashine! Mtu amepanda ndege mbili na kuvaa soksi mbilimbili tangu aje huku, aje ashindwe na kidude kisicho hata na mkono? Anafumba macho aisikilize ile tiki-tiki ya kuwaongoza wanamuziki waende sawa, anaihesabu, anaihesabu, hesabu inalegea, na spika kubwa ya ukutani inapeperusha kitambaa chake cheusi kama pazia la mlango wa uani, naye anaingia, kwa sababu mlango ukiwa wazi na hakuna aliyekataza, kwao Pangani hiyo ni karibu.

Upande wa pili kuna barabara. Imenyooka hadi inachosha macho, haina kona, haina duka, na kila baada ya hatua chache imesimama nguzo, na kila nguzo inasema tiki. Mwanamvua anatembea na upatu wake mkononi, na kila akikanyaga, nguzo imeshasema, akikaza mwendo nguzo nazo zinakaza, akipunguza zinapunguza, anakuwa nyuma tu, nyuma tu, hata anaanza kucheka peke yake, maana jambo likizidi ubaya huwa linachekesha. Mbele yake anatokea mtu aliyevaa ovaroli la kiwandani na kofia ya fundi wa kuchomelea, ile yenye kioo cheusi cha kuficha macho, na anapokiinua kile kioo, ndani hamna uso, mna weupe tu kama sahani iliyooshwa. Mwanamvua hashtuki. Ndotoni mtu hushtushwa na vitu vidogo, vikubwa anavipokea. Mimi ndiye kiongozi wa njia hii, anasema yule asiye na uso, unakwenda wapi, bibie? Nakwenda mwisho wa wimbo, anajibu Mwanamvua. Ahaa, anasema kiongozi, huko hakuendwi bure. Kitendawili!

Hapa ndipo Mwanamvua anapoponzwa na malezi yake. Mtu wa kwao hata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, ukimwambia kitendawili, mdomo unajibu wenyewe. Tega, anasema. Kiongozi anatega: mtoto wangu anaimba kila nyumba, na mama yake hajatoka chumbani. Mwanamvua anafikiri. Jogoo? La. Redio? Umekaribia, hujafika. Mbu? Kiongozi anacheka mpaka kofia inamgonga mabegani. Umeshindwa, nipe mji! Sasa tangu utotoni Mwanamvua ana ujanja wake katika kutoa miji. Wenzake barazani walikuwa wakishindwa wanatoa Pangani, wanatoa Muheza, halafu wanakaa na huzuni kama waliofiwa, yeye akitoa miji ya mbali ambayo hana hasara nayo, Kairo, Bombay, London. Basi bila kufikiri, kwa mazoea tu, anasema, nakupa Bochum.

Anasikia nyuma yake mshindo kama wa shuka linalokung'utwa. Anageuka, anaona mji mzima wa Bochum unakunjwa, ncha kwa ncha, kama kanga inayorudishwa sandukuni, mapaa yanakunjwa, treni za barabarani zinakunjwa na abiria wake wakisoma magazeti, na karakana ya mabomba inakunjwa na Ulrike ndani akikoroga kahawa bila habari. Kiongozi anauweka mji kwapani na kuanza maringo yanayotakiwa na desturi. Bochum nilikwenda, anasema, nikala soseji yenye bizari, wenye mji wakasimama nikae mimi, na jibu ni sahani ya santuri, inaimba kila nyumba na waimbaji bado wamejifungia studio! Mwanamvua anataka kulia. Nirudishie, bwana, humo mna watu, mna albamu inayoondoka jioni, na mimi mwenyewe sijaingia ndani ya albamu hiyo! Mji uliotolewa haurudi kwa machozi, anasema kiongozi kwa upole, wewe si mgeni wa mchezo huu. Unarudi vipi basi? Unarudi kama ulivyokwenda, anasema, na anatangulia, na Mwanamvua anamfuata, macho kwenye lile kwapa.

Barabara inawaleta kwenye mji wa vioo. Kila nyumba ni kioo, kila kioo kinaonyesha nyumba nyingine, na kila ukuta umebandikwa bango la albamu, albamu ambayo haijaisha lakini huku imeshatangazwa hadi kwenye milango ya vyoo. Kwenye bango bendi yote imenuna, kama wanavyopenda kununa mbele ya kamera, watu hawa ambao picha ikishapigwa wanagombea nani aoshe vikombe. Mwisho wa safu kuna pengo. Pengo lenyewe lina umbo la Mwanamvua, kilemba na yote, na ndani yake unaonekana ukuta mtupu. Mwanamvua anaumia, anaumia hasa, kwa sababu kumbe ndivyo itakavyokuwa, watu watalitazama bango na hawatajua hata kwamba mtu amekosekana. Anayebandika ni Detlef, mwimbaji wa bendi, jitu la watu lenye sauti ya lori linalopanda mlima, ameshika ndoo ya gundi na brashi, na anazungumza Kiswahili cha Pangani kitupu, wala hakuna anayeona ajabu. Afadhali umekuja, Bi Mwanamvua, anasema, hapa kwenye pengo gundi haishiki, nabandika na kubandika, karatasi inabanduka tu.

Kabla hajajibiwa, wanazungukwa na waandishi wa habari wa mji ule, wote hawana nyuso, wote wananyoosha vinasa sauti. Kitendawili, wanamwambia Detlef kwa pamoja, hana miguu lakini kafika mbali kuliko wewe! Mwanamvua anajua kwamba jibu wanalolitaka ni wimbo, lakini Detlef anakunja kipaji cha uso na kuanza kueleza kwamba inategemea, kama ni nyoka basi inabidi tujue ni nyoka wa aina gani, na umbali unapimwa kuanzia wapi. Waandishi wanashusha vinasa sauti, mmojawapo anapiga miayo bila mdomo. Detlef, ananong'ona Mwanamvua, sema umeshindwa, toa mji, mambo yaendelee. Detlef anashangaa kweli. Nitoe mji kwa kutojua? Kwetu asiyejua husema sijui, halafu huenda maktaba. Kwetu, anasema Mwanamvua, asiyejua hutoa mji, na anayejua hupata mji akausimulia, na watu wakacheka, hiyo ndiyo raha yenyewe. Lakini mji ni wa halmashauri, anasema Detlef, huwezi kuutoa tu hivihivi bila kikao. Na Mwanamvua anaangua kicheko, anacheka mpaka anashika mbavu, na katikati ya kicheko hicho neno la kiongozi linamwingia. Mji unarudi kama ulivyokwenda! Anajitanda vizuri kanga yake, anamgeukia asiye na uso, na anapaza sauti ambayo shangazi yake angeisikia kaburini akatabasamu. Kitendawili!

Tega, anasema kiongozi, na waandishi wote wanasema tega, na vioo vyote vinasema tega, tega, tega, hadi mwisho wa mtaa. Mwanamvua anatega: nikimshika ananyamaza, nikimwachia analia. Rahisi, anasema kiongozi, ni mtoto mchanga. Mtoto mchanga anyamaze akishikwa na kila mtu? Wewe hujalea, bwana, hebu jaribu tena. Ni mlango? Mlango wa kwenu. Ni mbwa? Mbwa ukimwachia anakwenda zake. Kiongozi anajikuna pale ambapo pangekuwa kidevu, anazunguka, anatazama upatu uliomo mkononi mwa Mwanamvua, anautazama kabisa, lakini hauoni, maana kilicho mbele ya mtu ndicho kinachompita. Nimeshindwa, anasema, chukua Bombay. Sitaki Bombay. Chukua London, ina daraja zuri. London nilishaitoa mwenyewe nikiwa mdogo, anasema Mwanamvua, nataka ulio kwapani. Kiongozi anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa avue koti jipya. Haya, nakupa Bochum.

Lakini desturi ni desturi, jibu halitolewi kabla mji haujasimuliwa, na hapo Mwanamvua anakwama. Amefanya nini yeye katika Bochum? Amepita kandokando ya kuta. Ameomba radhi kwa muuza mikate kwa kosa asilolijua. Amekaa katika mji ule kama mtu anayekalia ncha ya kiti, tayari kunyanyuka wenyewe wakija. Vioo vinasubiri, Detlef anasubiri na ndoo yake, na Mwanamvua anagonga upatu mara moja, ili tu kujipa moyo. Bochum nilikwenda, anaanza. Anagonga tena. Bochum nilikwenda, nikakuta wanapiga mapipa, nikawauliza harusi ya nani? Detlef anacheka, anageuza ndoo, anaipiga kitako. Bochum nilikwenda, wakaniambia umechelewa, nikawaambia bibi harusi ndiye huchelewa, na nani amewahi kuanza bila yeye? Upatu unalia, na safari hii zile nguzo za barabarani, ambazo zilikuwa zikisema tiki kwa kiburi, zinasita. Ya kwanza inasubiri. Ya pili inasubiri. Upatu unatangulia na tiki inakuja nyuma yake, tiifu kama mwari, na barabara iliyonyooka inaanza kukata kiuno, inapinda kulia, inapinda kushoto, na kutoka kwapani mwa kiongozi mji unakunjuka, mapaa na treni na abiria, na wale abiria wanatupa magazeti na kupiga makofi. Kila apigaye makofi anaota uso, huyu pua ndefu, huyu vishimo mashavuni, na kila aotaye uso anajitazama kwenye vioo na kushangilia. Detlef ananguruma kiitikio, wenye mapipa wanapiga mapipa, wenye minyororo wanakokota minyororo, na kwenye bango la ukutani pengo limejaa, mwanamke mwenye kilemba, wa pekee katika safu nzima anayecheka. Kiongozi mwenyewe anacheza, mikono juu, kwapa tupu. Na jibu, wanapiga kelele wote, jibu ni nini? Mwanamvua anaushika upatu kifuani, ukimya unaujaza mji. Halafu anauachia.

Mlio haukatiki. Unakwenda, unakwenda, unapungua taratibu, na unapokwisha Mwanamvua yuko wima katikati ya studio, si kwenye kochi, upatu mkononi, na nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia Ulrike amevua hedifoni, anafuta machozi kwa mkono wa sweta na kucheka kwa wakati mmoja. Hiyo hiyo, anasema, usiguse kitu. Nilichelewa? anauliza Mwanamvua. Ulichelewa sana, anasema Ulrike, nikazima tiki-tiki, nikawaambia wengine wakufuate wewe, mungu wangu, nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kufikiria kuwaambia hivyo. Detlef ameketi juu ya pipa, jasho linamtiririka, anauliza yale maneno uliyosema katikati yana maana gani, maana watu watataka kuyaimba tukienda kuitangaza albamu, nami sitaki kuyakosea. Lakini nilikuwa nimelala, anasema Mwanamvua. Ulilala, anasema Ulrike, halafu ukaja ukapiga, ukiwa umefumba macho, sikutaka kukusumbua. Anabonyeza kitufe, na albamu, upatu ndani yake, inaondoka kwenda kiwandani.

Mwanamvua anakwenda kufungua dirisha apate hewa. Chini yake mji upo, treni ya barabarani inapiga kengele, mama anasukuma kigari cha mtoto, wanafunzi wanakula viazi kwenye karatasi. Mji wote umepigwa mikunjo. Mkunjo mmoja unapita katikati ya uwanja, mwingine unakata paa la stesheni, mistari minyoofu kama ya kanga iliyokaa sandukuni, na watu wanaivuka bila kuitazama. Labda imekuwapo siku zote na yeye hakuwa ameinua kichwa. Labda hajaamka bado, na huu ni mtaa mwingine tu wa upande ule wa spika. Anafikiri amuulize Ulrike kama naye anaiona, kisha anaacha, kwa sababu huku na kule, popote alipo, mji amepewa mbele ya mashahidi na hakuna aliyeudai, na furaha inampanda kutoka miguuni, furaha nzito, ya mtu mwenye pa kukaa. Unatazama nini? anauliza Ulrike, aliyezaliwa katika hospitali iliyo nyuma ya stesheni ile. Mji wangu, anasema Mwanamvua. Ulrike anachungulia nje, anatazama huku na huku, anatikisa kichwa kukubali. Basi funga dirisha, anasema, baridi yako inaingia.