Ubeti Mara Tatu

Wazazi wenzangu mnaolea mabinti wenye sauti, naandika haya maana nasikia watu wa sinema watakuja tena, na safari hii wanakitaka kikundi cha Mbegani. Nisikilizeni kwanza mimi Mwanamvua, mama yake Mwaija.

Kikundi chetu hapa Bagamoyo kiliitwa Waridi. Wanawake kumi na wawili, kanga za sare, ngoma mbili na matari. Mbele walisimama wawili: mwanangu Mwaija anaanzisha, Ashatu anampokea. Ashatu nilimlea mimi tangu mama yake alipofariki. Mkeka mmoja na Mwaija, sahani moja. Basi wakiimba hao, jamani! Mwaka wa kwanza hatutoki nje ya mtaa. Mwaka wa pili harusi ya Kerege hainogi bila Waridi, na Pangani walituita siku tatu wakatuweka saba. Wapinzani wetu, kikundi cha Mkufu, wakisikia matari yetu walifunga madirisha.

Ndipo mwaka 1954 akaja Bwana Sadallah kutoka Dar es Salaam na mashine ya sinema yenye miguu mitatu. Anaitaka Waridi! Mji ulichemka. Watu wa Kiwangwa waliacha mananasi shambani wakaja kutazama. Mimi sikula, kanga ile ile niliipiga pasi mara nne.

Asubuhi akawapiga picha wote wakicheza. Kisha akamtaka Mwaija peke yake.

"Aimbe nini?" akauliza.

Nikadakia, wala sikuulizwa mimi: "Ile kali, mwanangu! Ile ya kuwatia Mkufu adabu!"

Ubeti wenyewe huu:

*Umeachwa huondoki, mlango waushikia;*
*jiko lako halishiki, la mwenzio wachochea.*

Macho ya Mwaija yakawa yanahangaika huku na huku. Bwana Sadallah akasema, "Binti, mtazame mtu uliyemzoea." Akamwomba Ashatu asimame ubavuni mwa mashine.

Mwaija akaimba. Upepo ukamfunika kanga usoni. "Tena!" Akaimba. Mbuzi akakatiza mbele yake. "Tena, na umtazame huyo huyo!"

Ninyi wa pwani mnajua hata nisiposema. Ubeti wa kijembe ukiimbwa mara moja ni wa watu wote. Ukirudiwa mara tatu, macho yamekukazia wewe, basi umetupiwa wewe, mbele za watu. Na Ashatu alikuwa ameachwa kweli, eda imekwisha juma lililopita, amerudi kwangu, anapika jikoni kwangu! Ningesema tu, "Bwana, simamisha." Lakini furaha ilikuwa imenipanda kichwani. Ile ya tatu ilipotoka safi, sauti imenyooka mpaka juu, nikapiga kigelegele. Wanawake wote wakapokea.

Kigelegele ndicho muhuri. Ashatu akavua kanga ya sare kichwani, akaikunja vizuri, akaiweka chini.

Mwaija akamkimbilia. "Shoga, ni mashine!"

"Ya kwanza nikasema wimbo. Ya pili nikasema mashine. Ya tatu, Mwaija? Na mama anapiga kigelegele?"

"Si yule bwana ndiye aliyesema!"

"Yule wa Dar hajui. Wewe umezaliwa wapi?"

Akaondoka, na wanawake watano wakamfuata. Kabla ya magharibi tukasikia Mkufu wamewapokea.

Nilikwenda kumtaka radhi, na halua mkononi. Shikamoo alinipa, kiti alinipa, nyumbani hakurudi.

Baada ya miezi minane sinema ikaletwa, ikaonyeshwa alasiri ndani ya ghala la nazi, madirisha yamezibwa kwa magunia. Waridi tuliobaki tukakaa kulia, Ashatu na Mkufu kushoto. Shuka jeupe lililotundikwa ukutani likawaka mwanga! Loo, mwanangu mrefu kama mnazi! Akaimba ule ubeti mara moja tu! Zile nyingine zimekatwa! Niliruka nikasahau watu:

"Ashatu! Tazama, mwanangu, ni mara moja! Sinema yenyewe shahidi!"

"Nimeona, mama," akajibu taratibu. "Hiyo ni ya wanaotazama shuka. Mimi nilisimama kwenye mashine."

Mwaija akainuka, akavuka mpaka upande wao. "Basi nirudishie. Mara tatu, mbele ya watu hawa hawa."

Ashatu akamtazama, nikadhani atacheka. Kisha akanitazama mimi.

"Nikikurudishia, nani atanipigia kigelegele? Mama?"

Wazazi wenzangu, mdomo ulikuwa wangu, na kigelegele kilikuwa changu. Mkufu wakatoka kwa mlango wao, sisi kwa wetu. Tangu siku ile Mwaija hajaanzisha wimbo, hata wa kubembelezea mtoto.

Kina mama wa Mbegani, mashine ikija, mwambieni binti auimbie ukuta. Nanyi zibeni midomo.