Uhusiano na Mwanachama

Karani wa shule alikuja jikoni mwenyewe, jambo analolifanya mara mbili tu kwa mwaka, akatukuta tunasugua masufuria. Alileta fomu za bima ya afya. Kuanzia tarehe mosi mwezi ujao, alisema, kadi ya mwanachama itabeba watoto wasiozidi miaka ishirini na moja, wazazi, na mwenza mwenye cheti cha ndoa. Wengine wote wanatoka. Fomu zirudi kabla ya tarehe thelathini, cheti kimebanwa nyuma.

"Wewe Mama Jiko huna shida," akaniambia. "Mzee wako nani asiyemjua?"

Kweli anajulikana. Ni fundi seremala, watu wanamwita Randa, na nusu ya milango ya shule hii imepita mikononi mwake. Tumeishi pamoja miaka ishirini na tatu, tumezaa wawili, wote wamekua na wanajitegemea. Cheti ndicho hatuna. Kila nilipogusia habari hiyo alisema tumalize nyumba kwanza, tufanye harusi ya maana, haraka haraka haina baraka. Namjibu ngojangoja huumiza matumbo, tunacheka, tunalala. Na nyumba ya seremala, kama mjuavyo, haimaliziki.

Kadi ni yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye ajira. Miaka minne iliyopita moyo wake ulianza kumsumbua, na tangu hapo kila mwezi anakwenda kliniki, anapimwa, anapewa vidonge vya aina tatu. Mara moja tu aliviacha kwa ubishi, wiki mbili. Tulimkuta ameketi chini kwenye karakana yake, midomo imebadilika rangi, hawezi hata kuita. Kwa hiyo fomu ile kwangu haikuwa karatasi. Niliiogopa.

Jioni nikampa aisome. Alivaa miwani, akapitisha kidole taratibu mpaka penye maneno "Uhusiano na mwanachama".

"Hapa andika mzazi," akasema.

"Mzazi wa nani?"

"Wako. Nimekuzidi miaka kumi na moja, kichwa kizima mvi. Nani atauliza?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, wala hakuwa na utani wowote. Mimi sina dogo, najijua, lakini siku hiyo hata kupiga kelele nilishindwa.

"Baba watoto," nikasema, "yaani uko radhi kuwa baba yangu kuliko kuwa mume wangu?"

"Sasa cheti tutakitoa wapi?"

"Kinakotolewa."

"Nikuoe kwa ajili ya vidonge? Miaka yote nimekuahidi harusi, leo nikupeleke ofisini kama mtu anayelipia leseni? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Hao hao wanaoniita mke wako?"

Nikamwambia uongo siandiki, na nafasi ile itabaki tupu mpaka yeye mwenyewe afungue kinywa aniulize. Kisha nikaibana fomu chini ya redio, nikaenda kuoga.

Ikapita siku, ikapita ya pili. Alfajiri nakwenda jikoni, yeye anakwenda karakana, jioni tunaongea habari za chumvi na funguo. Ningeweza kuyamaliza. Ningesema "twende" tu, angevaa viatu akanifuata, namjua. Lakini sikutaka. Aliyeningojesha ni yeye, basi naye angoje kidogo aone utamu wake. Niliona tarehe zinakwenda na bado nikafunga mdomo wiki nzima. Hilo silifichi.

Tarehe kumi na moja akaja shuleni. Hajawahi kunifuata kazini. Alivaa shati safi, ila masikioni bado ana vumbi la mbao. Wasaidizi wangu wawili waliokuwa wakimenya viazi wakaacha.

"Nimekuja kuuliza," akasema, amesimama mlangoni mwa stoo.

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Kisu cha mmoja kilianguka. Mimi nilikuwa na sufuria la wanafunzi mia tatu motoni, nikamwambia angoje niepue. Akangoja. Nikaepua, nikafuta mikono, nikamwambia nimekubali.

"Na si kwa ajili ya..."

"Nyamaza, usije ukaharibu."

Wasaidizi wakapiga vigelegele mpaka mwalimu wa zamu akaja kuangalia kama kuna aliyeungua.

Mchana ule ule tukaenda ofisi ya ndoa, ghorofa ya kwanza ya jengo la serikali. Afisa akatueleza kwamba tangazo letu lazima likae ubaoni siku ishirini na moja. Akatupangia tarehe mbili ya mwezi unaofuata, saa nne na nusu asubuhi. Nikahesabu kwa vidole: tumeipita thelathini kwa siku mbili. Randa akasema siku mbili si kitu. Nami nikajitia kuamini. Tarehe thelathini nilimpa karani fomu, nikamwambia cheti kinafuata. Alitikisa kichwa, akaipokea.

Siku yenyewe tulifika mapema. Dirisha la bima liko chini kwenye jengo hilo hilo, nikasema tupite tuulize kabisa. Aliyekuwepo ni binti mmoja mpole. Aliandika namba yangu kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Mzee ametolewa jana, mama."

"Leo tunafunga ndoa, hapo juu. Tukishuka tunakuletea cheti."

"Hongereni sana. Lakini sasa anahesabiwa mtegemezi mpya, na wapya wanapokelewa mwezi wa kwanza tu."

Tulikuwa mwezi wa saba.

"Hata kwa siku mbili?" nikauliza.

"Mfumo unafunga wenyewe, mama. Mngewahi juzi..." Hakumalizia. Alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tukaketi kwenye benchi. Siku zile nilizokaa kimya zilinirudia moja moja, nikaona aibu. Nyumbani kulikuwa na vidonge vya mwezi mmoja. Na ndani ya hofu ile kulikuwa na hofu nyingine ndogo, ya kipumbavu pengine, lakini yangu. Nikaisema.

"Haraka imekwisha. Cheti cha leo na cha mwezi wa kumi na mbili kitatufaa sawasawa. Ukitaka turudi nyumbani, umalize nyumba, tufanye hiyo harusi ya maana."

Sikusema kwa hasira. Nilitaka kujua tu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kosa ni langu," akasema.

"Letu."

"Dawa tutaungaunga. Nitapokea kazi ndogondogo, tutanunua za wiki kwa wiki." Akainuka. "Imeshafika saa nne na robo. Twende juu."

Ngazi za jengo lile zina vidato ishirini na viwili. Alipofika cha kumi akasimama, mkono mmoja kwenye chuma, kifua kinapanda na kushuka. Nikamshika kiwiko. Nyuma yetu akaja bwana mmoja na bahasha kwapani, ana haraka zake, akauliza kama anaweza kupita.

"Pita tu, ndugu yangu," Randa akamwambia, pumzi ikimkatika. "Mimi na mke wangu tunakwenda kuoana."

Bwana yule akatutazama, akacheka, akapita. Randa akakanyaga cha kumi na moja.