Sabuni ya Nesi

Kicheche jike alikufa Jumapili, akaacha watoto sita. Kufikia Jumatano walibaki watatu, na mkubwa wao alikuwa amepungua gramu mbili tangu asubuhi. Hilda Coulthard aliiamini mizani yake ya jikoni kuliko matumaini. Kila baada ya saa mbili aliwadondoshea maziwa ya mbuzi yenye kiini cha yai, wakapaliwa, wakatema. Walikuwa na siku sita, macho bado hayajafumbuka. Nao ndio mwisho wa ukoo wa vicheche ambao marehemu mumewe aliulea miaka arobaini kwa kuwindia sungura.

Akawatia kwenye boksi la viatu, akawapeleka kwa jirani yake, Wilf Raine, ambaye kicheche wake jike, Bess, alikuwa akinyonyesha watoto wanne.

Wilf alimnusa mmoja, akakunja uso.

"Nesi, umewaogesha?"

"Kwa sabuni. Walijichafua."

"Wananuka wodi hawa. Bess atawaua, na akishaonja damu atamalizia na wake."

Hilda akauliza la kufanya. Wilf akamtoa Bess, akamfungia kando, kisha akachota majani ya kiotani yaliyolowa mkojo na kinyesi. Akamwambia awapake wale watatu, na mikono yake pia asiisahau. Hilda, aliyewahi kuwafukuza wachimba makaa kwenye zahanati ya mgodi kwa sababu ya kucha chafu, akawasugua, akawachanganya kiotani na wale wanne wa Bess, mpaka hakuweza kuwatambua watatu miongoni mwa saba. Wilf akasema wanaume wa mgodini wangelipa kiingilio kutazama kioja hiki.

Bess akarudishwa. Alinusa mmoja, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa wa nne, akamng'ata shingoni, akamburuta nje ya kiota hadi pembe ya banda.

Mkono wa Wilf ukaruka kwenye komeo. Hilda akaudaka.

"Ngoja. Hajalia."

"Akilia tumechelewa, dada."

"Angekuwa anaumia angelia. Ngoja."

Bess akamlaza chini, akamlamba tumbo taratibu mpaka mtoto akakojoa: kazi ambayo Hilda aliifanya siku tatu kwa pamba na maji ya vuguvugu. Kisha akamrudisha kiotani, akajikunja juu ya wote saba. Sauti ya kunyonya ikasikika.

Wilf akapumua. "Haya, nesi, bomba lile pale. Kanawe."

Hilda alikitazama kipande cha sabuni juu ya bomba.

"Kesho nakuja kuwapima," alisema. "Mikono ibaki hivi hivi."