Jicho la Kushoto

Alikuwa anamalizia kope za jicho la kulia, pumzi ameibana, kidole cha mwisho kimeegemea turubai kama alivyozoea kwenye kuta za maduka. Umri miaka sitini na mitatu, na mstari bado ulitoka mwembamba, safi, kama umekatwa kwa wembe.

"Usijitingishe," alimwambia mkewe.

"Mgongo unaniwasha, baba watoto. Nao uombe ruhusa?"

Kwa siku tisa mke alikuwa akikaa kwenye stuli ile karibu na dirisha, mikono mapajani. Picha hiyo aliahidiwa kabla ya ndoa, enzi hizo mumewe akiwa mchoraji anayesifiwa. Kisha ikaja mimba, ikaja kodi ya nyumba, akaja tajiri mmoja aliyetaka jina la duka lake ukutani. Jina moja likazaa jingine. Aliandika mabango miaka thelathini na minne, mpaka mashine za kuchapa zilipoingia mjini na simu yake ikanyamaza. Watoto wakamwambia apumzike. Yeye akanunua turubai. Alijiwekea sharti moja bila kumwambia mtu: uso huu ukimshinda, rangi zote anazigawa, na hajiiti tena mchoraji.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliingia bila hodi kurudisha bakuli. Akasimama nyuma ya mchoraji, akainamia picha.

"Shemeji, kumbe mkono upo," akasema. "Sasa hii sabuni inauzwa wapi?"

"Sabuni gani?"

"Si tangazo hili? Dada kanyooka huyo. Imebaki bei tu hapo chini."

Mkewe akacheka, akashuka kwenye stuli kuja kujionea. Siku zote tisa alikuwa amekatazwa. Alipofika mbele ya picha, kicheko kikamkauka.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Macho yangu hayako hivi."

Mume akarudi nyuma hatua mbili. Akatazama picha, akamtazama mke. Kabla ya kuanza kazi alikuwa amevuta uzi wa chaki toka ukingo hadi ukingo, kama alivyofanya kwa kila bango, herufi zisipande wala zisishuke. Macho yote mawili aliyakalisha juu ya mstari ule. Hakuwaza, mkono ulijiendea wenyewe. Na jicho la kushoto la mkewe lilikuwa chini kuliko lenzake, limelegea kwenye pembe.

"Limeanza lini?"

Shemeji akaweka bakuli mezani, akasema anakwenda kuangalia kama jikoni kuna maji.

"Mwaka ule ulipokwenda kuandika yale maghala," mkewe akasema. "Uso ulinipooza upande mmoja. Maji nilikunywa kwa mrija. Uliporudi baada ya miezi minne mdomo ulishakaa sawa, jicho likabaki. Ukaniuliza kama nimelala vibaya."

"Ukanijibu nini?"

"Nilisema ndiyo. Ulikuwa umechoka."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Yeye aliyeweza kuona herufi iliyoinama unene wa unywele akiwa ng'ambo ya barabara.

"Watoto wanajua?"

"Kwa nini wasijue? Yule mdogo akiomba kitu nikanyamaza, husema mama kakonyeza, basi kakubali."

Mume akachukua kisu cha rangi, akalikwangua jicho la kushoto.

"Acha. Limependeza hivyo."

"Halifanani na lako."

Akaanza upya, chini kidogo. Brashi ikavuta mstari safi, wa bango la duka. Akakwangua. Akavuta tena, ukatoka uleule. Safari ya tatu hakuigusa rangi. Mkewe alikuwa ameshapanda tena kwenye stuli, naye akamtazama tu, muda mrefu, mpaka mke akageukia dirisha.

"Mbona hupaki?"

"Nakutazama."

"Umechelewa," akasema, lakini akarudisha uso pale ulipokuwa.

Mwanga ulipoanza kupungua alikuwa hajapaka kitu. Picha ilibaki na jicho moja, na penye la pili doa la kijivu lililokwaruzika.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Nikimaliza kufua."

Mke akashuka, akajinyoosha mgongo, akaenda jikoni kwa mdogo wake. Mume akamimina mafuta kwenye kopo, akaanza kusafisha brashi, moja baada ya nyingine.