Mfiwa wa Mlango wa Nyuma

Lady Winifred alikata roho Jumanne saa nne asubuhi, mwezi Machi wa 2006, na kabla chai yake haijapoa Euphrasia, mtumishi wake, alikuwa ameshaanza kuhamisha makochi.

Usimcheke. Kwao Kamachumu, Tanzania, mtu akifa sebule hutolewa vitu vyote, mikeka ikatandikwa, wafiwa wakaketi chini. Sasa kama kwenye jumba hili la Potomac, Marekani, lenye vyumba kumi na tisa hakukuwa na mfiwa mwingine ila yeye, nani angetandika? Bibi mwenye jumba alikuwa binti wa bwana mkubwa wa Uingereza. Aliolewa na tajiri wa Kimarekani, sasa marehemu, akavuka bahari na taratibu zote za nyumba ya baba yake: kengele ya kuitia watumishi, ngazi ya nyuma ya watumishi, na jina moja kwa kila mtumishi wa ndani. Aliyetangulia aliitwa Mary. Euphrasia naye akawa Mary, miaka kumi na mmoja. Kila Krismasi bibi alimshika mkono akamwambia, "Mary, wewe ni wa familia." Kisha bibi akaketi kula peke yake kwenye meza ya watu ishirini, na huyo wa familia akala jikoni, amesimama.

Euphrasia aliyaamini maneno hayo, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Lakini yalikuwa yamemgharimu. Mama yake mzazi alipofariki, bibi alikuwa amevunjika nyonga, akamsihi asiende, akasema Mary akiondoka naye atakufa. Euphrasia akabaki. Mama akazikwa bila binti yake kutia udongo kaburini, na tangu siku hiyo binti hakuwa na amani. Akamwogesha mzungu huyu, akamlisha, akamgeuza kitandani kama ambavyo angemfanyia mama yake. Sasa alitaka kitu kimoja tu: asimame kaburini pamoja na wafiwa, aweke konzi moja ya udongo.

Alimpigia simu Rupert, mtoto pekee wa bibi, aliyeishi London. Halafu akampigia Benadetha wa Rockville, kiongozi wa akina mama wa Kitanzania. Mugo, dereva wa nyumba, Mkenya, alimwonya mapema.

"Frasia, hawa watu hawafanyangi matanga. Acha hizo sofa vile zilikuwa, utaji-embarrass bure."

"Hakufa mbwa humu ndani, Mugo," akamjibu.

Alhamisi mchana Rupert aliingia na begi lake. Ilikuwa miaka minne hajakanyaga hapo. Akakuta akina mama ishirini na wawili wamekaa mikekani chini ya picha za mababu zake, Wakristo kwa Waislamu, wengine wametoka moja kwa moja kwenye zamu za usiku za hospitali, na sufuria la pilau liko juu ya kinanda. Katikati yao alikuwa Euphrasia, amejifunga khanga, analia. Benadetha aliinuka, akampa Rupert mkono wa pole, akamwonyesha nafasi mkekani, ubavuni kwa Euphrasia. Kwa nia njema kabisa.

Rupert hakukaa. Hakupaza sauti pia. Watu wa aina yake hawapazi. Aliwashukuru wote, akasema nyumba inahitaji utulivu, akasimama mlangoni mpaka wa mwisho alipotoka na sufuria lake. Kisha akamwagiza Mugo arudishe makochi, na Euphrasia apige pasi lile gauni jeusi la kazi na aproni nyeupe.

Maziko yalikuwa Jumamosi. Euphrasia aliazima koti jeusi kwa Benadetha, akashuka kwa ngazi ya mbele kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akasimama karibu na gari. Rupert akalitazama lile koti.

"Mary, wageni themanini watarudi hapa kunywa chai. Lazima mtu abaki."

"Nimeshaandaa kila kitu, sir. Nataka kumzika tu. Aliniambia mimi ni wa familia."

"Ndiyo maana nakuamini na nyumba," akasema kwa upole, akafunga mlango wa gari.

Upole ule ndio uliomkata maini. Angemfokea, angalau pangekuwa na ugomvi. Aliwatazama wakipotea barabarani, akawalilia mama wawili kwa mpigo, kisha akavua koti, akafunga aproni, akaanza kukata mikate pembe tatu na kuondoa maganda, maana wageni wa nyumba hii hawali maganda.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Rupert alishuka jikoni. Macho yalikuwa mekundu. Alizungukazunguka, akagusa hiki na kile, mwisho akauliza kama mama yake alisema lolote mwishoni. Lolote kuhusu yeye.

Alikuwa amesema. Jumanne ile Euphrasia alikuwa amempakata kifuani, na bibi aliita jina la Rupert mara tatu, akasema, mwambie sina kinyongo naye. Euphrasia aliyatunza maneno hayo siku zote hizo, ampe mfiwa mwenzake wakiwa wamekaa mkekani.

"Sijui, sir," akasema, akiendelea kufuta vikombe. "Mimi nilikuwa jikoni."